Mguu Ukiinuka Kwenye Cherehani

Wakati ule Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo. Tulikuwa na bendera mpya, stempu mpya na hotuba mpya redioni, na mimi, mwanafunzi wa chuo kikuu, sikuamini hata moja kati ya hizo. Niliwauliza wahadhiri maswali mpaka wakachoka na mkono wangu ulioinuliwa. Swali moja tu sikuthubutu kuliuliza kwa sauti: je, najua kweli kupiga fidla?

Profesa aliyesimamia muziki chuoni, Mbelgiji wa koti la kijivu, alikuwa amenipa nafasi ya kupiga peke yangu kwenye tamasha la Jumapili, yeye akinisindikiza kwa piano. Katika zoezi la kwanza ukumbini nilianza vizuri, kisha vidole vikashika mbio. Nilimaliza kabla yake. Alifunga kifuniko cha piano taratibu.

"Ngoma mnaijua," alisema. "Kuhesabu ni jambo jingine. Ukikimbia tena kwenye zoezi la Jumamosi, nafasi hii nampa mwingine."

Siku hizo sisi wenye asili ya Kasai tulikuwa tukiambiwa kila kona kwamba mji huu si wetu. Kuambiwa sasa kwamba hata mapigo manne ya muziki si yetu kulinizidi. Nilitaka nafasi ile kuliko shahada.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wangu wa fidla. Alikuwa fundi cherehani, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Maniema, na alipiga fidla kwenye harusi kabla sijazaliwa. Tangu utotoni nilifanya mazoezi barazani kwake, nimesimama kando ya cherehani, yeye akishona.

"Nimekimbia, baba."

"Hapa haukimbiake."

"Kweli hapa sikimbii. Kwa nini?"

Akatazama mguu wake juu ya kanyagio, akacheka mpaka miwani ikateleza. "Eh, mutoto wa université! Miaka yote hii mashine ndiyo ilikuwa inahesabu. Weye ulikuwa unafuata tu."

Ilinichoma kwa sababu ilikuwa kweli. Mimi niliyechambua kila neno la serikali sikuwahi kuuchambua mlio uliokuwa ukinibeba kila jioni.

Tangu siku ile alibadilisha mtindo. Alikanyaga, nikapiga, na ghafla, bila kuniashiria, akainua mguu. Cherehani ikanyamaza. Nilitakiwa kuendelea peke yangu. Naye, akiwa anahesabu moyoni, alirudisha mguu pale anapotaka, tusikie kama bado tuko pamoja. Mara ya kwanza aibu ilinipata.

"Miye niko hapa Ruashi," alisema, "weye umeshafika Sakania, kule ku mupaka!"

Tukakata wimbo vipande vidogo. Mistari miwili tu, polepole kama mtu anayepinda upindo kwa mkono, na mstari wa tatu haukuongezwa mpaka ile miwili isimame yenyewe. Siku ya tatu nikagundua jambo ambalo hata yeye hakuwa ameliona: kila mlio wa cherehani ulipokatika, kidole gumba changu cha kushoto kilibana shingo ya fidla kama mtu anayeshika ukingo wa kisima. Kikibana, vidole vingine vinakimbia. Nikaanza kukilegeza kwa makusudi, na mwendo ukatulia.

Kuhusu woga, alinionyesha anavyokata kitambaa cha bibi harusi. Aliweka mkasi juu ya kitambaa bila kuufunga, akatoa pumzi yote, akangoja kidogo, ndipo akakata.

"Batu bakiogopa banavuta pumzi. Weye toa. Halafu sikia wimbo ndani ya kichwa, ndiyo uanze."

"Ni dua hiyo?"

"Ni mukasi hiyo. Unauliza sana."

Nilijaribu kumthibitishia kwamba haisaidii. Nilishindwa. Jumamosi nikamaliza pamoja na piano, na profesa akasema neno moja tu, "Bon," yaani vizuri.

Jumapili ukumbi ulijaa. Fundi alikaa safu ya nyuma na kofia yake nyeupe. Niliweka upinde juu ya nyuzi, nikatoa pumzi, nikausikia mstari wa kwanza, nikaanza. Tulikuwa katikati ya wimbo pale kishindo cha mzinga wa vita kilipotikisa madirisha, mbali, upande wa uwanja wa ndege. Sauti ya piano ikakatika. Watu wakainuka nusu kutoka vitini.

Kidole gumba kikabana. Nikakilegeza. Mguu umeinuka tu, nilijiambia, na nikaendelea kwa mwendo uleule, nikihesabu, safari hii kwa hesabu yangu mwenyewe. Watu wakaketi mmoja mmoja. Pembeni yangu nilisikia karatasi zikipekuliwa: profesa alikuwa akitafuta nilipofika. Aliponipata, piano ikaingia juu ya pigo langu, sawasawa, nasi tukafika mwisho pamoja.

Baada ya makofi alinishika mkono. "Nani alikufundisha kuhesabu namna ile?"

"Fundi cherehani."

Akacheka, akidhani ni mzaha. Nikamshika kiwiko, nikampitisha katikati ya watu hadi safu ya nyuma, nikasema kwa sauti ya kusikika: "Ndiye huyu mwalimu wangu."

Fundi alimpa mkono kwa heshima, akamtazama juu hadi chini, kisha akanigeukia.

"Mwambie koti yake inavuta ku mabega," alisema. "Akuje kesho, nitamutengenezea."

Nikamtafsiria profesa kwa Kifaransa, neno kwa neno, bila kupunguza kitu.