Kibao Nilichokipigilia Kinamasini

Ipo Jumamosi moja ya mwezi wa nane, mwanangu, ambayo nikiikumbuka husukuma sahani kando. Umeniletea barua yako ya kuitwa chuoni, unataka nipige vigelegele. Nitapiga, usijali. Lakini kwanza kaa hapo unisikilize, kwa sababu unakwenda kusomea yale yale niliyosomea mimi, na hakuna mwingine hapa nyumbani wa kukwambia haya. Wala usinionee huruma nikisimulia, sitaki huruma ya mtu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa na umri wako huo huo, niko chuoni nikisomea wanyama, mimea na namna ya kuvihifadhi, pamoja na somo waliloliita ufasiri wa mazingira, yaani kumweleza mgeni kile anachokiona porini mpaka akielewe. Huku kwetu Adungosi, karibu na mpaka wa Uganda, watu walicheka mpaka wakachoka. Msichana mzima anapelekwa shule akasomee ndege! Wenzangu walikwenda ualimu na uuguzi, na hayo watu waliyaelewa. Aliyenitetea ni mmoja tu, Mjomba Ekirapa, kaka yake mama. Kazi yake ilikuwa kukata mafunjo kinamasini na kushona mikeka. Darasani hakuwahi kuingia, lakini ndiye aliyenibebea sanduku langu la bati kwa baiskeli mpaka stesheni ya Malaba. Kila tuliyekutana naye njiani alimwambia, "Huyu ni mtoto wa dada yangu. Anaenda kusomea hawa ndege wetu."

Likizo ya Agosti mwalimu wetu akatupa kazi. Kila mmoja achague mahali karibu na kwao, apachunguze, aandike ripoti, achore ramani, kisha aweke kibao cha kuwaeleza wapita njia kuna nini pale. Kibao kilikuwa na alama zake peke yake. Mwalimu alikuwa akisema mgeni asiondoke mahali akiwa bado na swali. Mimi nikayameza maneno hayo kama dawa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mjomba. Nilijua anajua korongo taji wanakotagia, maana kila mwaka kulikuwa na sehemu ya kinamasi ambayo yeye na wakataji wenzake hawakuigusa. Ndege wakianza kujenga, wazee wale walikata mafunjo upande wa pili mpaka vifaranga waweze kuwafuata mama zao. Hawakutangaza. Hata jina la ndege hawakulitaja njiani. Walikuwa wakiulizana tu, "Wageni wameamka?" na mwenzake anajibu, "Wameamka vizuri." Basi, yamekwisha. Nani angejua wanasema nini?

Mjomba alinipeleka asubuhi na mapema, maji yakitufika magotini. Nikaviona viota vitano. Kwenye kimoja mama alisimama juu ya mayai yake, taji lake la dhahabu linacheza kwa upepo, akatutazama bila kukimbia. Alikuwa amemzoea mjomba. Nililia, nakwambia kweli, nililia kwa furaha. Tukitoka majini mjomba akaniambia, "Umeona. Sasa usinyooshe kidole, na usiwaambie watu wa barabarani."

Nikamwitikia ndiyo. Unajua nilichofanya usiku... la, ngoja, si usiku, ni mchana huo huo, maana sikuwa na hata subira ya kulala. Nilikaa mezani nikaandika kwenye ripoti: "Wenyeji wana imani fulani kuhusu ndege hawa." Imani! Uhifadhi uliokuwepo kabla sijazaliwa mimi nikauita imani, kwa kuwa haukuandikwa kwenye daftari langu.

Jumamosi hiyo nikachukua ubao wa sanduku la majani ya chai, nikaupiga rangi nyeupe, kisha kwa rangi nyekundu nikaandika: KORONGO TAJI HUTAGIA HAPA. TAFADHALI MSIWASUMBUE. Chini nikachora ramani ndogo na mshale, na hesabu ya hatua kutoka barabarani, ili mgeni asibaki na swali. Nikaupigilia kwenye mti kando ya njia ya sokoni, siku ya soko, watu wakinizunguka. Niliwaeleza kila kitu. Walinipigia makofi, hata wale walionicheka. Nilijiona nimefika mbinguni.

Siku hizo mpaka ulikuwa na biashara za kila namna, ng'ambo kumeharibika, huku watu wanauza chochote kinachouzika. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akivuka na baiskeli pale Malaba alisimama akasoma kibao changu chote, akaniuliza kwa upole, "Dada, hawa ngaali wako hapo kweli?" Ngaali ndilo jina lao kwa Waganda. Nikamwambia wapo, tena vizuri sana. Nikamfasiria. Nilimwambia mpaka vifaranga watatoka lini kwenye mayai, kwa kuwa aliuliza, na kwa kuwa nilijua.

Siku ilipofika, walikuja wanaume wanne na matenga kwenye baiskeli zao. Kuna matajiri waliopenda kufuga ndege hao kwenye bustani zao. Walichukua vifaranga wote, mama wawili wakawanasa kwa nyavu, na mayai ambayo hayajaanguliwa wakayakanyaga tu wakitafuta njia.

Mjomba alikuja nyumbani na kibao changu begani. Alikiweka mlangoni polepole, maandishi yakiangalia juu. Nilitaka anipige. Wallahi, kama angenipiga ningepona.

"Mwalimu," akaniambia. Hakuwahi kuniita hivyo. "Sisi hatujui kusoma. Ndiyo maana walikuwa hai."

Akaenda zake.

Na bado sijafika kwenye lililo baya zaidi. Ripoti yangu ilikuwa haijaondoka. Ilikuwa kwenye bahasha juu ya kabati, imeandikwa viota vitano, mayai kadhaa, hali nzuri. Niliitazama siku mbili. Ningeifungua niandike ukweli, alama za kibao zingekwenda. Nikaituma posta vile vile. Nikawa wa kwanza darasani. Mwalimu aliisoma mbele ya wote, nami nikasimama, nikatabasamu.

Nilimwomba mjomba msamaha kabla ya kurudi chuoni. Akasema, "Nimekusamehe. Lakini usiniulize tena wako wapi." Alinisalimu vizuri mpaka alipokufa, kama unavyomsalimu mtu wa ofisini, na mwalimu ndilo jina aliloniita siku zote.

Nilifanya kazi mbugani miaka mingi, nikavaa kofia, nikafasiria wageni wa kila rangi. Siku moja niko likizo, nikasikia korongo wakilia upande wa kinamasi. Nikatoka mbio na kanga yangu. Nikakutana na mama mmoja jirani amebeba mafunjo mabichi kichwani, na kule kinamasini upande mmoja tu ndio umekatwa. Nikamuuliza, "Mama, wako wapi?" Akanitazama, akaangalia chini. "Mimi sijui, mwalimu. Waulize wenye kujua." Na nyuma yake mtoto wake mdogo alicheka akaziba mdomo, kwa sababu hata yeye alijua. Kijiji kizima kilijua. Mimi mwenye cheti ndimi peke yangu ambaye sikuambiwa, na mpaka leo sijaambiwa.

Basi sikia. Nenda ukasome, usome kwa bidii, chuo si kibaya. Lakini mtu akikuonyesha kitu alichokitunza kwa kunyamaza, nawe nyamaza, hata kama kunyamaza kunakunyima alama. Kabla ya kuita jambo imani, uliza linafanya kazi gani. Na ukikosea, andika umekosea siku hiyo hiyo, bahasha ikiwa bado mkononi mwako, maana ikishaondoka utaishi nayo.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe watu wa kukuonyesha mambo yao, na akulinde wasije wakajuta kukuonyesha.