Mgeni wa Mfalme wa Anglia Mashariki

Mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa namaliza shule hapa Maskati, fomu yangu ya kwenda kusoma historia Uingereza ililala juu ya friji wiki mbili bila saini ya baba. Yeye alitaka nisome uhasibu papa hapa, kisha niingie kwenye duka lake la vipuri vya magari, kule mtaa wa Ghala. "Wafalme waliokufa zamani watakulisha?" alikuwa akiniuliza, nami kwa hasira zangu nikiubamiza mlango.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyekuwa upande wangu. Kila baada ya alasiri, kwa kahawa na halua, nilimsomea masomo yangu ya mtihani: Kent, Mercia, Northumbria, zile falme za Waanglo-Saksoni zilizokuwa zikinyang'anyana ardhi kabla Uingereza haijawa nchi moja. Tarehe na miaka hazikumshughulisha. Aliwachunguza wafalme kama watu waliokuja kuposa: mama yake nani, kaoa wapi, ana tabia gani. Wa Mercia aliwakataa mapema.

"Hao wagomvi. Kwao hatuozi."

Siku moja nilifika kwa kijana wa kifalme aliyeporwa nchi yake na mfalme wa Northumbria, akakimbilia kwa mfalme wa Anglia Mashariki. Adui yake akatuma dhahabu ili mgeni auawe. Akatuma tena. Mara ya tatu akatishia vita.

"Na huyo anayemwinda kamuoa dada wa kijana mwenyewe," nikaongeza.

"Shemejiye! Astaghfirullah," alisema bibi. "Lakini mgeni keshakula kwako, unamtoaje?"

Baba alikuwa amejifunika uso kwa gazeti muda wote, na kwa muda mrefu hakufunua ukurasa mwingine. Adhana ya magharibi ikatukatiza, kila mtu akaenda kutawadha.

Kesho yake saa nne asubuhi simu ya nyumbani ikalia. Alikuwa baba, na nyuma yake nyundo za magereji zikigonga.

"Yule mgeni, walimtoa?"

Nikatabasamu na simu sikioni. "Njoo ule, baba, nitakwambia."

Alifika wali haujaiva. Nikamweleza kwamba mke wa mfalme alimwambia mumewe ni aibu kumuuza rafiki kwa dhahabu, naye akakubali. Akatoka na jeshi lake, akampiga wa Northumbria, na mgeni akarudi kutawala kwao.

"Ila mtoto wa huyo mfalme aliyemkaribisha mgeni aliuawa vitani," nikamalizia.

Baba aligeukia friji. Kisha akaomba fomu, akatia saini kwa vidole vyenye grisi, karatasi ikachafuka pembeni.

"Nenda kasome," alisema bila kunitazama. "Lakini wewe urudi. Mimi sina moyo wa mfalme yule."

Kumbe wiki mbili zote nilikuwa nagombana na woga wake, si na ubishi wake. Nikamkumbatia na grisi yake yote.