Tunamtafuta Maalim

Nakumbuka alasiri moja pale kwetu Mkunazini, mwanangu, baba yangu kaketi barazani na wenzake wawili, karata anazo mkononi wala hazigawi. Mchezo wao ulikuwa wahedi wa sitini, wawili kwa wawili, na wa nne wao, jirani yetu Maalim Khamis, alikuwa kafiwa na mkewe. Arubaini ilishapita, naye hatoki ndani. Chakula anachopelekewa kikirudi kama kilivyo. Watu walishaanza kunong'ona kuwa atamfuata marehemu.

"Nenda kamwite," baba akanambia. "Mwambie tuko watatu."

Nilikuwa kijana, na karata nazijua. "Si nikae mimi, Baba?"

"Nani kakwambia tunatafuta mtu wa nne? Tunamtafuta Maalim."

Nikaenda. Alikuja polepole, akakaa mkabala na Bwana Ame, mwenzake wa siku zote. Ame huyo ulimi wake ulikuwa wembe. Mwenziwe akikosea, mtaa mzima husikia. Basi siku ile Maalim akafanya kosa la mtoto mdogo: Ame keshakula, karata zilizo chini ni zao tayari, yeye akamkata kwa turufu bure. Ame akainamisha macho.

Maalim akaziweka karata chini. "Ame, umekuwa bubu? Au nami nshakufa?"

Ame akainua macho. "Hujafa, Maalim. Ila turufu ile hata paka angeicheza vizuri zaidi."

Maalim akacheka kidogo, kisha machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa kanzu. "Haya, gawa," akasema. Kesho yake alikuja bila ya kuitwa.

Mwanangu, karata zisizo na kamari hunoa akili: ukumbuke zipi zimeshatoka, ukisie nani kaficha turufu, umwamini mwenzako na karata zake huzioni. Mimi hadi leo, na uzee huu, ndizo zinazonizindua. Lakini faida kubwa ni ile niliyoiona kwa Maalim. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nawaona mnacheza kwenye simu, kila mtu peke yake, siwalaumu. Ila simu haijui kama leo hukuja, wala haitamtuma mtu kukugongea mlango. Kaa na watu, mwanangu, uwe na nafasi yako. Na mwenzako akikosekana, usiikimbilie nafasi yake, mfuate.

Mungu akujaalie wa kukaa mkabala nawe, akutanie ukikosea, na siku usiyotoka aje akuite. Amin.