Ukucha wa Joka la Ndani

Nilimkata mfalme wa China ukucha, kwa mkasi wa jikoni, hapa Ibra. Sekondari nilimaliza, lakini hilo hawakutufundisha.

Ilikuwa miaka ya thamanini. Wifi yangu anaolewa Nizwa, na mama mkwe alitaka avae joho la hariri ambalo marehemu baba yake mwenyewe alilinunua Unguja kwa Mchina mmoja mwenye duka. Kitu cha baba yake ambacho mkwe alivuka nacho bahari kuja huku kwa Waarabu ni hicho tu. Likampwaya bibi harusi.

"Lipunguze, mwanangu," mkwe akaniambia. "Wewe si hutoki ndani?"

Kweli. Safari yangu ndefu ilikuwa jikoni mpaka barazani.

Nilipolitandaza mkekani, chai yangu ilipoa naitazama hariri. Pindoni mawimbi yamepandana rangi juu ya rangi, milima imechomoza, juu mawingu, kifuani majoka ya dhahabu, na popo wekundu. Popo! Mkwe akasema kwa Wachina ni heri. Uzi wa dhahabu haukupenya kitambaa. Umelazwa juu, ukashikwa na vishono vya hariri vidogo hata nikavitafuta kwa ncha ya kidole. Mimi mshona kofia, najisifu macho. Siku ile yalinishinda.

Basi nikaona nikate ubawa wa ndani, ule unaofunikwa na wa juu. Nani atauona? Nikaulaza bitana juu, mkasi ukala. Nikageuza. Lahaula! Joka jengine, limejificha pale, limeshonwa sawasawa na yale ya kifuani, magamba yote, masharubu yote. Kuna mtu aliinama akapamba pahala ambapo hapana jicho litakalopaona. Na mimi nimeshalitoa ukucha. Uzi wa dhahabu unafumuka mkononi mwangu.

Mkwe akaja, akagusa mojamoja kucha nne zilizobaki kwenye mguu ule, akakaa chini.

"Tano ni za mfalme peke yake," akasema taratibu. "Nne ni za walio chini yake. Baba alinionyesha."

Angenigombeza, ingekuwa afadhali. Akaanza kulikunja alirudishe sandukuni. Wifi kasimama mlangoni, machozi yanamlenga.

Jirani yetu, mzaliwa wa Tabora asiyejua kubisha hodi, akachungulia, akasimuliwa, akalitazama joho, akatutazama sisi.

"Sasa mnalia nini? Bwana harusi si karani tu wa Nizwa? Kucha nne zinamtosha!"