Hatukumzika Mama Siku Ile

Mama alikuwa fundi cherehani. Mtaani walimwita Bi Pima, kwa sababu hakuamini vipimo vya mtu mwingine. Mteja akidai amenenepa kidogo tu, Mama alimzungushia futi kiunoni na kucheka: "Kidogo hiki kimekula kitambaa cha watu wawili, mwanangu." Baba alipofariki, Mama alitulea kwa cherehani ile ile.

Kiharusi kilipompoozesha upande mmoja, tulimpeleka kwenye nyumba ya kulelea wazee. Kila Jumapili nikitoka ibadani nilimkuta sebuleni kwenye kiti cha magurudumu, amepakwa poda, blanketi limemfunika miguu. Wageni hawakuruhusiwa kuingia vyumbani. Ndio utaratibu wao. Nami nilimshukuru Mungu kwa usafi wao.

Alipofariki, msimamizi alituambia wameshamwosha na kumvika sanda, kilichobaki ni kuzika tu. Shangazi akakataa. Yeye na Mama walitaniana maisha yao yote, na alisema wifi yake haendi kaburini kabla hajamwogesha yeye mwenyewe. Tukamleta nyumbani, tukafungua sanda.

Mgongoni mwa Mama palikuwa na shimo la kidonda cha kulala muda mrefu, ambalo ngumi yangu ingeingia. Niliona mfupa. Kwenye vifundo vya mikono yote miwili, alama za kamba. Kopo la maji ya kumwogeshea likanitoka mkononi. Shangazi hakulia, aliketi sakafuni, kwenye maji.

Mpelelezi wa polisi tuliyemwita, mwanamke wa makamo, alitazama, kisha akaomba kiti. Alitueleza kwamba familia nyingine mbili ziliwahi kuilalamikia nyumba ile, lakini zilikuwa zimeshazika wazee wao bila kuwafunua.

"Mkizika leo," alisema, "nitabaki na maneno matupu. Lazima daktari ampasue."

Kaburi lilikuwa limeshachimbwa, na watu wamejaa uani. Mjomba akanivuta pembeni, akaniuliza kama Mama hakuteseka vya kutosha.

"Unataka dada yangu akatwekatwe kama kitambaa?"

Nilijaribu kusali, maneno yakakatika katikati. Nikawafikiria wazee waliobaki kule, ambao jioni ile wangerudishwa vyumbani.

"Nisamehe, Mjomba," nikasema. "Leo hatuziki."

Alitoka mwenyewe kuwaambia watu watawanyike, na sauti yake tuliisikia mpaka ndani. Shangazi akamfunga Mama sanda upya, taratibu, kisha akapanda naye gari la polisi.