Clementina aliyelima kaburi la askari

Saa mbili asubuhi, Novemba 2012. Ukungu bado umelala juu ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, kaskazini mwa Toronto. Clementina Kavishe amepiga magoti mbele ya kaburi la askari, anasugua ukoga kwenye jiwe kwa brashi laini na maji matupu. Jembe hana.

"Jembe walinifungia stoo," anasema bila kucheka. "Na walikuwa na haki."

Clementina, mzaliwa wa Rombo, anaishi Mount Dennis, mtaa wa Toronto, na binti yake. Wakati wa baridi anafanya usafi kwenye ghala huko Downsview. Theluji ikiisha anatunza makaburi haya ya kale kwa dola kumi na nne kwa saa. Humu wamelala askari wa vita vikuu vyote viwili, na kila tarehe 11 Novemba wanakijiji wa jirani huja kuwakumbuka.

Mwaka wake wa kwanza, 2007, msimamizi wake, Frank, alimwambia asafishe kaburi la askari mmoja kabla ya siku hiyo. Akalisafisha kama kwao. Alikwangua nyasi zote, akasawazisha, akafagia mpaka ukabaki udongo mtupu.

"Wee! Dada, sasa utapanda sukuma wiki lini?" aliuliza Chelagat, Mkenya aliyekuwa akifanya naye kazi.

Frank hakuona kichekesho. Alimrudisha nyumbani, akamwambia asubiri simu. Siku ya kumbukumbu Clementina alikwenda vilevile.

"Nijifiche, kwani nimeiba?"

Dada wa marehemu, bibi wa miaka themanini na ushei, alipoliona kaburi alipiga ukelele: "Nani amemfukua kaka yangu?"

Clementina akajitokeza. "Ni mimi, bibi. Sikumfukua. Kwetu kaburi likiota majani, majirani husema marehemu hana mtu."

Bibi aliinama, akagusa udongo. "Mara ya mwisho kuja hapa nilikuwa bado naendesha gari," akasema. "Hao majirani wasingekosea." Kisha akamgeukia Frank: "Kazini arudi. Ila nyasi zangu azirudishe."

Alizirudisha mwenyewe mwaka uliofuata, theluji ilipoisha. Bibi alikuja kuzikagua kila mwaka hadi alipofariki.

Sasa kaburi linalomkosesha Clementina usingizi ni la baba yake, aliyezikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo huko Rombo, mwaka 2009. Hakuweza kwenda kuzika. Kaka yake aliyepita huko anasema majani yamefika magotini.

"Huku nasifiwa kwa kutunza wafu wa watu. Kule, yule asiye na mtu ni baba yangu."

Tiketi mbili ameshakata, za Desemba, Wachaga wote wanaporudi nyumbani. Binti yake, Abigael, anaelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, na ameshamwambia mama yake kwamba kaburi lenye nyasi linapendeza zaidi.

"Nimemwambia abebe viatu vibovu," anasema Clementina, akisimika bendera ndogo kando ya jiwe. "Tutalima, tutafagia, mpaka Rombo nzima ijue tumefika."