Kwenye Salo Watu Husalimiana

Mimi hasira zangu ziko karibu, na sifichi. Nashona nguo mtaani Ngagara, kwenye baraza ya nyumba ya mama, na mteja akiniharakisha sana namrudishia kitambaa chake. Lakini Jumapili alasiri cherehani hupumzika. Nachukua simu, nakaa kwenye kochi, naingia vitani pamoja na mdogo wangu.

Yeye yuko Kanada, mwaka wa nne sasa, anapanga makatoni kwenye depo moja kubwa. Mchezo wetu ni wa kujenga mji, kuvuna, kuzungusha ukuta na kupeleka jeshi kwa jirani kabla jirani hajaleta lake, watu watatu dhidi ya watatu. Kabla ya vita mnakutana kwanza kwenye chumba cha kungojea. Kwa kuwa mchezo tumeuweka kwa Kifaransa, chumba hicho kimeandikwa salo, neno lile lile tunaloitia sebule hapa mjini. Kila mmoja akiwa tayari anabonyeza kitufe cha kijani, na mashine inawatafutia wapinzani wa kimo chenu. Mtu wa tatu tulikuwa tunaokota yeyote.

Sasa, mdogo wangu huyo akipigiwa simu na mama alikuwa na maneno matatu tu. Niko sawa. Kazi iko sawa. Baridi ni kali. Kisha ana haraka. Mama alifundisha hesabu shule ya msingi mpaka akastaafu, si mtu wa kulialia, lakini alikuwa akiiweka simu mezani polepole na kusema, "Ananisalimu kama mutu wa biro," yaani wa ofisini. Iliniuma, kwa sababu mimi kwenye mchezo nilikuwa namsikia akiongea mpaka masikio yanachoka.

Jumapili moja mama alikuwa ametoka kuswali, akasikia kicheko kwenye simu yangu. Mdogo wangu alikuwa amechoma ghala la mtu na anacheka mpaka anakohoa.

"Ni nani huyo anacheka?"

"Ni mutoto wako."

Alisimama mlangoni na msala mkononi mpaka mechi ikaisha. Halafu akaja kukaa kando yangu. "Nifundishe," akasema. "Mi nataka niingie humo alimo."

Rahisi kusema. Mchezo una madaraja: udongo, shaba, fedha, dhahabu. Sisi wawili tulikuwa dhahabu, na aliye chini ya fedha haruhusiwi kukaa salo moja na mtu wa dhahabu. Anayeanza anaanzia udongo. Nikamwambia mama kuna njia ya mkato: mdogo wangu afungue akaunti mpya, ashuke mpaka udongo, tuanze upya sote watatu. Mama alinitazama kama mwanafunzi aliyekamatwa na majibu ya mtihani.

"Apana. Mi sirudishi mutoto darasa kwa sababu yangu. Nitapanda mwenyewe. Na we usimwambie."

Tabu ya kwanza haikuwa vita, ilikuwa salo. Mama aliliona neno hilo akaingia kama anavyoingia kwa watu. Akaandika asalaam alaikum, kisha bonjour kwa wasio Waislamu, kisha akauliza wameamkaje, wazee hawajambo, huko kwao mvua imenyesha? Kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Wenzake, watu asiowajua wa nchi asizozijua, walikuwa wameshabonyeza kijani wanamngoja. Muda ukiisha mashine inamtoa aliyechelewa, na siku ile ya kwanza ilimtoa mara nne.

"Mama, bonyeza kwanza, salamu baadaye."

"Kwenye salo watu husalimiana. Au we nilikulea wapi?"

Nikamwacha asalimu.

Tabu ya pili ilikuwa neno moja. Kiongozi wa timu yake aliuliza kwa Kifaransa kama wote wako tayari, na mama, badala ya kubonyeza, akaandika kwa herufi kubwa: EGO. Mrundi yeyote anajua kwamba hiyo ni "ndiyo" ya Kirundi. Yule bwana hakuwa Mrundi. Kwa Kifaransa neno hilo ni majivuno ya mtu, na yeye akadhani bibi wa daraja la udongo anamwambia ana kichwa kikubwa. Akajibu kwa matusi, akamfukuza. Mama akanigeukia. "Ameuliza, nimeitika. Nimekosa nini?"

Wallahi nilichemka. Nikamnyang'anya simu, nikamtafuta yule bwana kwenye orodha, nikamwandikia mambo ambayo sitayarudia hapa. Mashine ikaifungia akaunti ya mama siku tatu kwa lugha chafu. Nilitaka ardhi ipasuke. Mama yeye alicheka mpaka akajifuta machozi na ncha ya mtandio, na siku zote tatu akawa akinipita kwenye cherehani ananiuliza, "Mwalimu, adhabu yetu inaisha lini?"

Tulikubaliana kitu. Nilimwandikia salamu zote mapema kwenye simu, fupi, kwa Kifaransa, na swali moja tu la familia. Akigusa, inakwenda. Kisha anabonyeza kijani. Alinung'unika kwamba salamu ya kupika mapema haina ladha, lakini akakubali.

Vitani kwenyewe alikuwa hajui kushambulia, na hakutaka kujua. Alilima. Alijenga ghala baada ya ghala, na kwa kuwa mchezo unaruhusu kumpelekea mwenzako chakula, akapeleka. Mwanzoni nilimsonya. Nikamwambia hii ni vita, si harusi. Akanijibu kwamba hajaona vita ambayo watu hawali. Na mimi niliyejiona fundi nikaacha kumsonya, kwa sababu wenzake, ambao walikuwa hawana kazi ya kulima, walikuwa wakirusha askari kama mvua. Wakaanza kushinda. Baada ya mechi wakawa wanamwomba urafiki, wengine wanamtumia mwaliko kabla hajamaliza kunywa chai. Jina lake humo lilikuwa Ghala, na nilimwona kijana mmoja ameandika: nangoja mpaka Ghala aingie.

Udongo aliumaliza. Shaba ilimtesa, akapanda, akashuka, siku moja akashuka mara mbili na akakataa chakula cha jioni. Niliogopa. Nikamwambia tuache, mama, nitampigia simu mimi, nitamgombeza aongee. Akasema, "Ukimgombeza ataongea na we. Mi nataka aongee na mimi."

Fedha aliipata Ijumaa asubuhi, mimi nikiwa napima mteja kiuno. Nilisikia anaita jina langu kwa sauti ya darasani. Niliacha futi imening'inia kwa mteja wa watu, nikakimbia, tukakumbatiana katikati ya sebule, na mteja naye akapiga makofi bila kujua tunashangilia nini. Furaha ile sikuipata hata siku nilipofungua kazi yangu.

Jumapili alasiri nilifungua salo yetu wenyewe, ambayo haina saa ya kumtoa mtu. Mama alikaa kando yangu na simu yake, amevaa mtandio mpya, kana kwamba kuna atakayemwona. Nikamwita mdogo wangu, akaingia. Nikamwita Ghala, akaingia.

"Dada, huyu wa tatu umemtoa wapi?" mdogo wangu akauliza. "Fedha ya juzi tu. Atatuangusha."

Nilimwangalia mama. Akafungua maikrofoni, zile salamu nilizomwandikia hakuzigusa.

"Umekula?" akamuuliza.

Nilisikia kiti cha mdogo wangu kikilia huko Kanada.

"Mama?"

"Nimeuliza, umekula?"

Mdogo wangu alicheka kicheko kile kile, kirefu. Akasema amekula mkate na yai. Mama akasema mkate si chakula. Mdogo wangu akasema juzi alipata ndagala, dagaa za ziwani kwetu, kwenye duka la Mkongo, akazikaanga, jirani akapiga hodi kulalamikia harufu, mwishowe akala naye. Mama akauliza jirani ni mtu wa namna gani. Akaeleza. Akaeleza kuhusu depo, na bosi asiyejua kutamka jina lake, na majira yake ya kwanza ya theluji, alipokuwa akilia ndani ya basi na akipigiwa simu anasema niko sawa, kwa sababu akiongeza neno moja tu sauti itamsaliti. Hilo hata mimi alikuwa hajaniambia. Mama hakulia. Alikuwa akiitika tu, eee, eee, kama mtu anayesahihisha daftari zuri.

Hasira zangu ni zile zile. Nusu saa ilikuwa imepita, wote tumekaa, kijani kinawaka. Nikasema jamani, tunacheza au hatuchezi?

"Haya, haya," mama akasema, akanyoosha kidole.

"Mama, usibonyeze kwanza," mdogo wangu akasema. "Ngoja, sijamaliza kukuambia."